Dirisha la Fundi

Kazi ya Kidoti ilikuwa kujifanya watu wawili, na mwisho wa mwezi analipwa kama mmoja. Kampuni yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la matairi, wanatengeneza mtandao wa kuwakutanisha wateja na mafundi, na yeye ndiye aliyeujaribu kabla watu wa nje hawajaugusa. Dirisha la kushoto la brauza anaingia kama mteja. La kulia anaingia kama fundi. Mteja anaandika, "Upo?" Fundi anajibu, "Nipo." Ikienda ikarudi, anaweka tiki, anakunywa chai yake.

Sasa shida ni kwamba haikuwa inaenda. Akishaingia kama fundi kule kulia, mteja wa kushoto naye anageuka fundi, kinyonga mtupu. Fundi anamuuliza fundi kama yupo.

"Madirisha ni mawili, brauza ni moja," Miwani alimweleza. Huyu ndiye aliyeandika mfumo wote, na miwani yake ilishikiliwa na gundi na maombi. "Brauza inatunza ufunguo mmoja wa kuingilia. Wa pili ukija, wa kwanza unatupwa."

"Kwa hiyo haiwezi kukaa na watu wawili kwa mpigo."

"Haiwezi."

"Ina adabu kuliko wanaume ninaowajua mimi."

"Dada yangu, nipe mpaka mchana," Miwani akasema, akajiinamia kwenye kompyuta yake.

Kitu ambacho Miwani hakukijua ni hiki. Siku Kidoti alipomfungulia akaunti huyo fundi wa uongo, mfumo ulidai namba ya simu, na vidole vyake vikaandika namba pekee aliyokuwa nayo kichwani. Hakuona ubaya. Majaribio hayakuwa yanatuma kitu kwenye simu ya mtu. Ilikuwa kama kuandika jina kwenye kioo chenye mvuke.

Namba ilikuwa ya fundi friji, yule aliyekuwa amepanga chumba cha ng'ambo ya ua wao. Mtu mpole, mikono mikubwa, akicheka anaangalia chini. Alikuwa amepata kazi mji wa mbali, kwenye ghala la baridi, na asubuhi ya kuondoka alisimama getini na sanduku lake la vifaa, wapangaji wote wanachungulia. Akamwambia Kidoti, "Sema neno moja tu, nighairi."

Na Kidoti, ambaye mdomo wake haujawahi kuomba likizo, akasema, "Nenda bwana, ukirudi utuletee barafu."

Ua mzima ukacheka. Yeye fundi akacheka wa mwisho, akiangalia chini, akaondoka.

Tangu hapo fundi hakupiga simu, na Kidoti naye hakupiga. Angeanzia wapi? Friji alilomtengenezea bado lilikuwepo, linalia usiku kama paka mchanga, na Kidoti analisikiliza akiwa amejifunika shuka mpaka kichwani. Hakutaka mtu mwingine aliguse.

Mchana ulipofika Miwani akasimama, akajinyoosha mpaka mgongo ukalia. "Tayari. Kila dirisha sasa lina ufunguo wake, hata ukifungua kumi. Halafu nimewasha ujumbe wa simu. Mteja akiandika, fundi anapata kiungo kwenye simu yake, anabofya, anaingia. Wiki ijayo wakubwa wanakuja kuona. Mimi nakwenda kula."

Kidoti akaitikia kwa sikio moja. La pili lilikuwa kwenye madirisha yake. Kushoto mteja, kulia fundi, na hakuna aliyemmeza mwenzake.

"Upo?" akaandika kushoto.

"Nipo," akaandika kulia.

Ikapita. Angeweka tiki angekwenda kula kama wenzake. Ila ofisi ilikuwa tupu, na nukta ya kijani ilikuwa imewaka kando ya jina la fundi, na moyo wa mtu ni kichaka. Akarudi kushoto.

"Friji langu linalia usiku."

Akauangalia ujumbe. Akaendelea.

"Sijamwita fundi mwingine. Siku ile getini nilifanya mzaha kwa sababu ningesema kweli ningelia mbele za watu. Nilitaka ubaki. Mpaka leo nataka."

Kisha akahamia dirisha la kulia ajibu, maana ndiyo kazi, na akashindwa. Maneno ya mteja anayo gunia zima. Ya fundi hakuwa nayo hata moja. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, chai imeshapoa.

Kule kushoto, chini ya maneno yake, pakatokea: Fundi anaandika.

Akaiangalia mikono yake. Iko kwenye kikombe.

"Miwani," aliita aliposikia viatu kwenye ngazi, "kazi yako imeharibika tena. Inajiandika yenyewe."

Miwani akaja na meno bado yanatafuna, akafungua orodha ya walioingia kwa akaunti ile ya fundi. Wako wawili. Mmoja kompyuta hii. Mwingine simu, mahali pengine kabisa.

"Hii siyo hitilafu," akasema taratibu. "Huyu ni mtu. Uliweka namba ya nani?"

Kidoti akainamia skrini. Ujumbe ulikuwa umeshafika: "Friji linalia kwa sababu sakafu yako imeinama. Nilikwambia uliwekee kibao mguu wa nyuma."

"Huyu lazima tumtoe," Miwani akasema. "Hatuwezi kuwa na mgeni kwenye akaunti ya majaribio. Bofya hapo."

"Bosi, mgeni ni mimi."

Akaenda dirisha la kulia, akabofya Toka. Likabaki jeupe, linadai nenosiri. La kushoto halikutikisika, mteja yumo vilevile, na nukta ya fundi bado ni ya kijani, ingawa sasa mkono wa Kidoti haupo tena nyuma yake. Miwani akamtazama, akavuta kiti chake akarudi mezani kwake.

"Upo?" Kidoti akaandika.

Nukta za anayeandika zikaruka, zikatulia. Zikaruka tena. Chini dukani tairi likaanguka, likazunguka sakafuni mpaka likachoka.

"Nipo. Na wewe upo?"

Kwenye majaribio yote aliyowahi kufanya, fundi wake hakuwahi kumuuliza hilo.

"Vipi, imepita?" Miwani akauliza kutoka kule mezani.

"Subiri," Kidoti akasema, anafuta viganja kwenye sketi. "Bado najaribu."