Mtakatifu Mwenye Taji la Miale

"Haya ni kweli tupu, haki ya Mungu, na kama naongopa radi inipige papa hapa kwenye migomba ya marehemu baba!" aliapa mzee Anatory.

Waliomzoea wangejua kwamba uongo umeshawekwa jikoni. Lakini Georgina hakuwa na wa kumwamini mwingine. Mumewe, Kamugisha, alikuwa amekwenda kuvua samaki kisiwani Goziba. Dhoruba ilipita, mitumbwi ya wenzake ikarudi bandarini Kemondo, wa kwake haukuonekana.

Anatory alikuwa baba mdogo wa Kamugisha, mwanamume pekee aliyebaki katika nyumba ile. Kwenda kisiwani kumtafuta ilikuwa kazi yake. Badala yake alichomoa mfukoni kipande cha fedha kilichotobolewa, chenye kichwa cha mtu wa ndevu fupi na taji la miale.

"Nilikipata Roma, wakati wa vita ya Hitila. Kardinali alipasukiwa tairi njiani, nikampakia kwenye baiskeli yangu mpaka mlangoni mwa kanisa. Huyu ni mtakatifu wa watu wa majini. Nakupa, mwanangu. Vaa, usali, ukae utulie. Ukimtuma mtu ziwani, mtakatifu atajua humwamini."

Georgina akakivaa, akatulia. Kahawa ikaiva, ikakaukia mtini. Kwenye shamba la ujamaa walimwita Kamugisha mtoro, na balozi wa nyumba kumi akaja kuuliza amejificha wapi. "Yuko kwa mtakatifu," alijibu Georgina, huku akimenya ndizi. Jina la mtakatifu hakulijua. Alipotaka kumwombea mumewe misa, akaenda parokiani Kanazi kuliuliza.

Padre Clavery alikisogeza dirishani. Akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Mama, hii si medali. Ni sarafu ya kale. Ona maandishi haya: Desio. Kaisari wa Roma. Taji la miale walijivika wenyewe, wakijifananisha na jua."

"Kwa hiyo si mtakatifu?"

"Watakatifu aliwaua."

Georgina alishika benchi. Rozari zote zile alikuwa amempelekea nani? Padre akaharakisha kueleza kwamba Mungu hupokea hata sala iliyokosea mlango, lakini Georgina alikuwa ameshatoka nje.

Alimkuta Anatory kwa Benadetha, muuza rubisi, ile pombe ya ndizi, amezungukwa na wasikilizaji.

"Tata, baba yangu, Roma ulifika?"

"Waitu! Nakuapia—"

"Usiape."

Mzee akatazama kibuyu chake.

"Nilifika Tabora. Nililinda wafungwa wa vita wa Kitaliano. Mmoja alinipa zawadi tulipoagana."

"Na mtakatifu wa majini?"

"Maji nayaogopa, mwanangu. Tangu utoto nayaogopa."

"Simama twende."

Mwaloni Kemondo walikuta mtumbwi wa injini ukipakia chumvi ya kwenda Goziba. Nahodha wake, Josia, alimsikiliza Georgina mpaka mwisho, kisha akavua kofia.

"Kuna mmoja ziwa lilimtupa ufukweni kule Goziba, wiki ile ile ya dhoruba. Uso ulikuwa hautambuliki. Tukangoja ndugu waje. Hakuja mtu. Tulimzika, ila shati lake tumelitunza."

Georgina hakuuliza shati la rangi gani. Alivua shingoni uzi wenye sarafu, akamvisha mzee.

"Nenda na mwenzako huyu wa Roma. Ukaliangalie shati."

Anatory akaingia majini na viatu vyake. Maji yalipomfika magotini alisimama, akakamata ukingo wa mtumbwi.

"Mzee, kuogelea unajua?" Josia aliuliza.

Siku nyingine yoyote angejibu kwamba alishalivuka ziwa Nyanza akiwa amembeba ng'ombe mgongoni.

"Sijui," akasema.

Wapakiaji wakamshika kwapani, wakampandisha, wakamkalisha juu ya magunia.

"Tata!" Georgina alimwita. "Ukirudi, usiniapie. Niambie tu."

Mzee aliitikia kwa kichwa, macho amefumba, mikono yote miwili imeng'ang'ania ubao. Injini ikawaka.