Sauti ya Kumwachia Mama

Mama halali bila mimi kumwimbia, iwe usiku au mchana. Macho yake yalishakwisha, na siku hizi hata kumbukumbu inamtoka, lakini sauti yangu anaijua. Nikichungulia dukani tu anaita mpaka majirani wanagonga ukuta. Nimekuwa mfungwa, jamani, na askari wangu ni bibi kizee asiyeweza hata kuinuka kitandani. Nampenda. Lakini nimechoka, na sioni haya kusema.

Kuna kiwanda cha sare za shule, mji mwingine, kinanitaka niwe msimamizi wa washonaji. Nimeshawaomba wanisubiri, wakasubiri. Safari hii wamesema wazi: Jumatatu uwepo, au tunachukua mwingine. Shangazi amekubali kuja kukaa na Mama, ila na sharti lake.

"Kumlisha nitamlisha, kumwogesha nitamwogesha. Kuimba siimbi. Mimi nikiimba hata paka anahama."

Ndipo kaka yangu, dereva wa lori anayejua kila kitu kwa maneno, akaja na wazo: turekodi nyimbo zangu, Mama awe anapigiwa. Akanirekodi nikiwa kwenye kiti changu kando ya kitanda. Tukajaribu kumpigia nyimbo hizo kwa spika ya simu, sauti ikatoka kama nzi ndani ya kopo. Basi kaka akaenda dukani kwa rafiki yake kuazima amplifaya na spika.

Ya kwanza ilikuwa na taa za bluu na besi ya kubomoa nyumba. Vikombe vilicheza kabatini. Mama akavuta shuka mpaka kidevuni. "Nani kaingiza mwanamume humu?"

Ya pili ikawa kali kupita kiasi, kila neno lilichoma sikio. "Mtoeni huyo, anapiga mluzi," Mama akasema. "Kitinda wangu yuko wapi?"

Kitinda ndiye mimi, kitindamimba. Nikakimbilia kitini nikaimba, huku kaka akirudisha mtambo wake kwenye boksi bila kunitazama. Siku hiyo nililia jikoni nimefungulia bomba. Nilijiona nikizeekea kwenye kile kiti.

Jumamosi akaja na ya tatu. Dude la kijivu la transista, zito kama tofali, halina taa wala mapambo, lina kitufe kimoja tu cha sauti.

"Hii haitii chumvi," kaka akasema. "Kinachoingia ndicho kinachotoka."

"Na ile ya taa za bluu uliisifia hivyo hivyo."

Akazungusha kitufe mpaka nusu. Mama akakunja uso, nami nikawaka.

"Kaka, lini nimemwimbia Mama kwa kupiga kelele? Punguza!"

Akapunguza.

"Tena! Unamwimbia mgonjwa, hutangazi mkutano."

Nikasogeza kiti changu pembeni, nikaweka spika pale pale juu ya stuli, kimo cha mdomo wangu. Sasa nilisikia hata pumzi yangu kabla ya kila mstari. Nilishtuka. Ilikuwa sauti yangu kabisa.

Uso wa Mama ukakunjuka. Akageukia spika.

"Leo umetulia, Kitinda," akaiambia. "Siku hizi ulikuwa unaimba kama mtu anayefukuzwa."

Kaka akanipiga bega kwa furaha.

Jumapili Shangazi alifika, tukamfundisha ile mashine, akaiwasha mwenyewe. Kaka alikuwa ameshapakia begi langu kwenye lori. Niliingia chumbani kuaga, kaka nyuma yangu, nikainama kitandani.

"Mama, ni mimi. Naondoka."

Akaweka kidole mdomoni. "Shh! Nyamaza wewe, nani huyo? Mwanangu anaimba."

Iliniuma, wacha nisiseme uongo. Nilichokuwa nakitaka nilikuwa nimekipata, na kiliniuma kuliko kile kiti. Kaka alinyoosha mkono azime. Nikamshika.

"Acha. Ngoja wimbo uishe, nitamuaga kabla wa pili haujaanza."

Tukasubiri, mimi nimesimama, yeye Mama akitikisa kichwa taratibu. Wimbo ukaisha. Nikafungua mdomo, na wa pili ukaanza hapo hapo. Tulikuwa tumezipanga wenyewe bila nafasi katikati, Mama asije akapata muda wa kunitafuta.