Honi ya Kuamkia

Jumatatu, tarehe 4 Novemba 1974. Kasulu kulikucha na ukungu mzito, na manyunyu yalikuwa bado yanadondoka juu ya mabati wakati Hakimu Tharsisi alipotoka kanisani. Alikuwa amemwomba Mungu jambo moja tu: asimfunge asiye na kosa, wala asimwachie mwenye kosa.

Tharsisi alikuwa hakimu wa wilaya kule Kibondo, mtu wa Ukerewe, umri wake umeshapita hamsini. Yeye na wenzake kadhaa waliitwa Kasulu wajifunze sheria mpya ya usalama barabarani. Walisoma jioni katika darasa la shule ya msingi, watoto wakishakwenda nyumbani, magoti yao yakigonga madawati. Wengine walinung'unika. Yeye alishukuru, kwa kuwa hakuwa amewahi kuendesha gari maishani mwake, na kesi za magari zilikuwa zikimtia hofu.

Mojawapo ilikuwa inamsubiri. Gharibu, dereva wa lori la mfanyabiashara wa Kasulu, alimgonga Bibi Ernesta pale Nyabibuye, na bibi akafa. Mashahidi wote, hata Hatungimana, mwana wa marehemu, walisema jambo lilelile: dereva alipiga honi mara mbili, bibi akageuka, akaingia barabarani. Tharsisi alikwisha kuandika hukumu ya kumwachia. Dereva alionya, aliyeonywa hakukwepa. Ilibaki kuisoma tu. Hata hivyo, kila alipopiga magoti kusali, moyo ulikataa kutulia.

Jumatatu hiyo mkufunzi wao, Ndugu Longinus, hakimu mkazi kutoka Kigoma, aliwataka wafike asubuhi. Aliwapeleka kwenye barabara ya Nyakitonto akawapanga mmojammoja kandoni. Lori la serikali lingepita polepole likipiga honi, nao watazame waenda kwa miguu wanafanya nini.

"Ndugu Tharsisi," alisema Abdalah, hakimu aliyefanya kazi Kasulu miaka mingi, "leo tumekuwa matrafiki. Imebaki filimbi."

Lori likaja, likapiga honi. Mama mmoja aliyebeba kapu la mihogo alilitua, akasogea hadi ukingoni, akachuchumaa akapiga makofi taratibu, kama Waha wanavyomwamkia mtu wa heshima. Wazee wawili waliokuwa upande wa pili walivuka barabara ili waonane na dereva uso kwa uso, wakimwamkia kwa Kiha, "Mwakeye, mwakeye." Waliokimbia ni mbuzi peke yao.

Longinus alipowauliza wameona nini, mmoja alijibu kwamba watu hawa hawaijui sheria. Abdalah akatikisa kichwa. Alieleza kwamba tangu watu wahamishiwe vijiji vipya kandokando ya barabara, madereva wamezoea kuwaamkia kwa honi, na kwa Muha kutoitikia salamu ni aibu kubwa. Honi inamwita aje, haimwambii akae mbali.

Tharsisi alimgeukia Abdalah. "Na dereva, analijua hilo?"

"Anayepita kila wiki? Analijua kama jina lake."

Walipokuwa wakirudi, alimweleza Longinus kuhusu kesi ya Gharibu. Longinus alimsikiliza mpaka mwisho. Alimkumbusha kwamba kabla ya hukumu mahakama inaweza kumwita tena shahidi na kumuuliza. Lakini alimwonya pia: aliyoyaona Nyakitonto kwa macho yake si ushahidi. Lazima yasemwe mahakamani, na aliyeweza kuyasema ni Gharibu mwenyewe. Akikana, atakwenda zake nyumbani.

Juma lililofuata mahakama ya Kibondo ilijaa. Watu wa Nyabibuye walikaa upande mmoja, ndugu wa Gharibu upande mwingine, pamoja na tajiri wake aliyekwisha kusikia kwamba mambo ni mazuri. Badala ya kusoma hukumu, Tharsisi alimwita mshitakiwa kizimbani. Gharibu aliapa tena kwa Msahafu.

"Siku ile," Tharsisi alimuuliza, "honi ilikuwa ya kumwonya marehemu, au ya kumwamkia?"

Tajiri aliinama mbele, akamkazia macho dereva wake. Gharibu alimtazama, kisha akamtazama mkewe, kisha akautazama mkono wake uliokuwa bado juu ya Msahafu. Tharsisi hakumhimiza.

"Ya kumwamkia, Mheshimiwa. Bibi yule aliniita mwanangu. Kila nikipita nampigia, anakuja ukingoni, anapiga makofi. Siku ile nilikuwa na haraka, sikupunguza mwendo. Nilijua atakuja."

Upande wa Nyabibuye mtu aliguna. Tharsisi aliandika maneno hayo. Aliahirisha hadi alasiri, akaichana ile hukumu ya kwanza, akasali, akaandika nyingine. Alimtia Gharibu hatiani kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari. Akampunguzia adhabu kwa kuwa alisema kweli pale ambapo uongo ungemwokoa. Hata hivyo jela alikwenda, na leseni alinyang'anywa. Mkewe alilia bila sauti, kanga mdomoni. Tharsisi alifunga faili, wala hakuona furaha yoyote ndani yake.

Gharibu aliomba ruhusa ya kusema neno. Alipokubaliwa, hakumgeukia hakimu. Alimgeukia Hatungimana, akachuchumaa palepale kizimbani, askari akiwa kando yake, akapiga makofi taratibu. Hatungimana alisita, kisha naye akachuchumaa, akaitikia.

"Ndugu yangu, na ninyi nyote mliomo humu mnisikie," Gharibu alisema. "Nikitoka, na Mungu akinijalia kushika usukani tena, sitamwamkia mtu kwa honi. Nitasimamisha gari, nitashuka, nitamwamkia kwa mikono yangu. Na nitaanzia kwenu."