Kufuli la Bi Zubeda

Video ya kupeleka mahari ilimtapisha Bi Zubeda. Simsingizii. Alitapika kweli, ndani ya beseni la kufulia, mbele ya wajukuu zake, na alipomaliza akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga akauliza, "Ile mahari au boti ya Unguja?"

Nyumba nzima ilicheka isipokuwa mjukuu wake Mwajabu, maana mpiga video alikuwa yeye. Alikuwa ametembea nyuma ya wazee kwa adabu zote, simu kaikamata kwa mikono miwili, akijiona fundi. Kumbe kwenye kioo nyumba za Buza, kwa kina bibi harusi, zilikuwa zikirukaruka, na kofia za wazee zinapanda na kushuka utadhani wanatwanga.

Bi Zubeda alikuwa hatoki kitandani. Mwezi wa Ramadhani aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo dunia yake ilikuwa dirisha la chumba cha mbele pale Tandika. Kumpakia garini kulishajaribiwa mara moja, na kilio alicholia hakuna aliyetaka kukisikia tena. Sasa mjukuu wake wa kwanza, Marijani, anamwoa Farida wa Buza. Huyu Marijani, tangu anatambaa, bibi yake akimwita "mume wangu", kama bibi zetu wanavyofanya.

"Mume wangu ananiletea mke mwenza, wala sijaombwa ruhusa," alilalamika huku macho yakimcheka. Kisha uso ukabadilika. "Mwajabu, mie hiyo harusi siendi, najua. Lakini begi nataka nilione likiingia mlangoni kwao. Nimepeleka mabegi ya watoto wa watu mji huu mzima. La mume wangu nilikose?"

Maneno hayo yalimchoma Mwajabu. Begi ni shughuli ya wanawake: kanga, vitenge, viatu na manukato ya bibi harusi hupangwa ndani ya begi, shangazi hujitwika kichwani, wakaenda nalo kwa nyimbo hadi kwa kina binti. Mpiga video wa kukodi alikuwa wa ukumbini tu. Ya begi ilimwangukia Mwajabu, na safari hii haikutakiwa kutikisika.

Alikwenda Kariakoo, duka la Jawad, akaoneshwa kifaa cha kutuliza simu, kinajigeuza chenyewe kwa betri. Alipotajiwa bei alisema atarudi, na wote wawili walijua harudi.

Akarudi nyumbani, akamwendea Leonardi, fundi bomba aliyepanga chumba cha uani. Leonardi alikuwa akifunga mabomba kwenye nyumba mpya za Kinyerezi, na vipande vilivyobaki alivirundika nyuma ya choo mpaka watu wakamchoka. Wakachagua kimoja cha urefu wa mkono. Juu wakafunga kishikio cha simu kilichotoka kwenye kijiti cha selfi kilichovunjika, na chini kidogo ya simu wakapachika mkono wa kushikia unaozunguka kwa beringi ya bajaji. Kilichobaki ni uzito wa chini, wa kulivuta bomba lisimame wima hata mkono ukiyumba.

Hapo ndipo palipowatoa jasho. Chupa ya maji ilichezacheza, na picha ikacheza nayo. Chupa ya mchanga ilipasuka sebuleni, na mama yake Mwajabu akasema maneno ambayo siyaandiki.

"Uzito mnaoutafuta ni wa kiasi gani?" Bi Zubeda akauliza kutoka kitandani. "Vuta sanduku hilo uvunguni."

Sanduku lilikuwa na kufuli la shaba, zito. Ndilo alilofungiwa nalo begi lake mwenyewe, siku hizo begi likiwa sanduku la mbao. "Lichukue. Na kanga ile chakavu, chana kipande ulifungie, lisining'inie."

Mwajabu akachana, akalikaza chini ya bomba. Akatembea uani, akaruka mtaro, akapanda kizingiti. Simu ikatulia tuli. Leonardi alipiga makofi peke yake kama mashabiki wa mpira.

Alhamisi alasiri magari yaliwashusha wanawake wa Tandika msikitini Buza, wakaanza kwa miguu, kwa sababu begi haliendi mlangoni kwa gari. Njia ilikuwa ya mashimo na mifereji, lakini picha ilipita juu yake bila kutikisika, na Mwajabu alikuwa na furaha mpaka akasahau kuitikia nyimbo. Mlangoni wanawake wa Buza wakawazuia, wakidai kifungua mlango kwa nyimbo kama desturi. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri.

Ghafla Bi Tatu, shangazi yake Farida, akainua mkono. Ngoma ikakatika.

"We binti. Hilo kufuli la nini?"

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nimeuliza kufuli."

Mwajabu akatazama chini. Kipande cha kanga alichokikaza kwenye kufuli kilikuwa cha penye jina, na maandishi yake yalisomeka wazi: HAYAKUHUSU. Na nani asiyejua kwamba kwetu kanga haisemi bure?

"Mnatuletea mafumbo mlangoni kwetu!" Bi Tatu akapaza sauti. "Mtoto hata hajatoka ndani, mshamletea kufuli la mdomo! Begi hilo lirudi lilikotoka!"

Mashangazi wa Tandika nao hawakuumbwa kunyamaza. Wakajibu, wa Buza wakajibu majibu, begi likayumba kichwani. Mwajabu akaona video ya bibi yake inageuka ugomvi, akataka kulia. Badala yake akalifungua kufuli kwenye bomba pale pale mbele ya macho yao. Bomba likapinduka, simu ikaangalia mchanga. Akalifunga tena, simu ikainuka wima.

"Shika mwenyewe, shangazi. Tembea nalo."

Bi Tatu akalishika kwa kinyongo, akapiga hatua, akakitazama kioo. Akapiga nyingine.

"Bibi yetu kavunjika nyonga," Mwajabu alisema. "Video ya mahari ilitikisika, akatapika. Kufuli hili ni la sanduku lake la harusi. Katoa ili aone begi linaingia. Kanga ni bahati mbaya, wallahi."

"Bi Zubeda wa Tandika? Aliyenifunda akanichezesha ngoma harusini kwangu?"

"Ndiye huyo."

 Bi Tatu akaigeuza simu, akaitazama usoni. "Somo yangu, fumbo lako tumelipata! Haya, ingia. Mlango uko wazi." Vigelegele vikapasua mtaa. Naye hakulirudisha bomba. Aliingia nalo mwenyewe mpaka chumba alichofichwa mwali, ambako mtu wa Tandika hakuruhusiwa kukanyaga. Alipotoka akamnyooshea Mwajabu kidole. "Ya ndani mwanaume asiione. Bwana harusi ndo kabisa!"

Jioni ile Marijani alifukuzwa chumbani kwa bibi yake akilalamika nje ya mlango. Mwajabu akaweka beseni kando ya kitanda, akaegemeza simu kwenye mto.

Bi Zubeda hakuligusa beseni. Aliyatazama mashimo ya Buza yakipita, na chini ya kanga nyayo zake zilikuwa zikienda kwa mdundo wa ngoma. Ugomvi ulipoanza akacheka mpaka machozi. Bi Tatu alipomwambia aingie, akaitikia kwa sauti, "Nimeshaingia!" Kisha Farida akatokea, mikono imejaa hina, akainama mbele ya simu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu," akajibu taratibu.

Video ikaisha. Akafumba macho, Mwajabu akaingiwa na wasiwasi.

"Bibi, kizunguzungu?"

"Nikande miguu."

"Inauma?"

"Nimetoka Buza kwa miguu, isiniume?"

Mwajabu akalichukua lile beseni, akaenda kulitia maji ya moto.