Chupa ya Jumanne

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kiwanda kilipofungulia moshi wake, dobi alitoka na chupa tupu ya jemu, akaifungua chini ya kamba ya nguo, akahesabu hadi ishirini, akaifunga. Kisha alibandika plasta na kuandika siku. Ndivyo kamati ya mtaa ilivyokubaliana, maana kipimo cha hewa cha serikali kilikuwa bustanini kwa meneja wa kiwanda, ng'ambo ya kilima, ambako shuka ungezianika mwaka mzima zisiingie doa.

Wiki ya pili chupa zikaanza kukohoa. Ya Jumapili ilikohoa kama fundi viatu wa jirani, ya Jumatatu kama marehemu mumewe. Dobi alizifunika taulo ili apate usingizi. Lakini ya Jumanne ilipokohoa, aliisahau pasi ikaunguza shati la watu. Ilikuwa sauti ya mjukuu wake, na mjukuu mwenyewe alikuwa mlangoni anaruka kamba, mzima kama kigongo.

Akaibeba chupa hadi ofisi ya mazingira. Wiki hiyo leseni ya kiwanda ilikuwa inahuishwa, naye alitaka izuiwe kabla mtoto hajaanza kukohoa, basi. Afisa alikuwa na rafu nzima ya chupa za mitaa mingine, zote zikikohoa, na redio juu ya meza. Aliisikiliza ya dobi kwa makini, tusimnyime haki yake.

"Huyu mtoto anaumwa?"

"Bado, mwanangu."

"Sasa mama, nitaandika nini? Mlete akishaanza."

Hebu ona jitu hilo! Dobi alitamani kumpasulia ile chupa kichwani. Lakini chupa ikivunjika ushahidi nao umekwenda. Akarudi nayo kwapani.

Mtoto alianza Ijumaa asubuhi, kikohozi kile kile, hata pale pa kuvuta pumzi palikuwa pale pale. Wakafika ofisini kabla mlango haujafunguliwa. Afisa alimsikiliza mtoto, akaisikiliza chupa, akakubali kwamba vinafanana kabisa. Akatoa pole. Leseni ilikwisha sainiwa jana yake, ya miaka mitano, kwa kuwa mgonjwa hakuwepo.

Akaichukua chupa, akaitafutia nafasi rafuni, akaipata. Mtoto na chupa wakawa wanapokezana kukohoa, na afisa akaongeza sauti ya redio.