Udi wa Kumpokea Zabibu

Saa tatu ilikuwa bado kugonga, lakini Nasreen alikwisha kufagia ua mara tatu. Moyo ulimwenda mbio kama wa bi arusi anayesubiri kutolewa. Leo Zabibu analetwa!

Zabibu ni paka jike aliyekutwa ndani ya injini ya lori huko Changamwe, akaokolewa na kikundi cha akina dada wa Bombolulu wanaowaokota paka waliotupwa na kuwatafutia makao. Jumamosi tatu mfululizo Nasreen alitoka Mtongwe kwenda kumtazama. Alikaa tu sakafuni, kimya, kwa kuwa maneno humwishia mbele za watu. Jumamosi ya tatu Zabibu alipanda mapajani pake, akajikunja, akalala fofofo. Siku hiyohiyo Nasreen aliomba fomu ya kumchukua. Penye swali la kama kuna mvuta sigara nyumbani, aliandika kwa mwandiko mzuri: "Hakuna hata mmoja."

Sasa lilibaki jambo moja. Rispa wa kile kikundi angemleta paka na kuikagua nyumba kwa macho yake. Asiporidhika, angeondoka naye, kwani kulikuwa na familia ya Mikindani iliyomtaka vilevile.

Bibi Mwanamkasi, aliyemlea Nasreen tangu utotoni, naye hakulala. "Mgeni ni mgeni," alisema, "awe na miguu miwili au minne." Akawasha vyetezo vitatu: sebuleni, ukumbini na chumbani. Akautoa ule udi wake wa Idi, akautia juu ya makaa.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu, karibu ndani!"

Rispa aliingia na kikapu chenye mlango wa waya, akakiweka chini, akafungua. Zabibu alitoa mguu mmoja, akanusa. Akapiga chafya. Akapiga ya pili, na ya tano, kisha akakohoa kikohozi kikavu cha kizee na kuchupa uvunguni mwa kochi.

Rispa aliutazama moshi uliotanda darini. "Nasreen, si uliandika hakuna anayevuta?"

"Hakuna," alijibu Nasreen, sauti ikimtoka kwa shida.

"Na huu je?"

"Huo ni udi, si sigara!" Bibi alidakia. "Wallahi, nimetoa ule mzuri. Paka gani huyu asiyejua udi? Kwani kwao wapi?"

"Changamwe, bibi."

"Aa! Kwenye viwanda na malori! Ndiyo maana."

Rispa alicheka bila kupenda, kisha uso ukarudi kuwa mzito. "Kifua chake kiliharibiwa na moshi wa lile lori, bibi. Daktari alitukataza moshi wa aina yoyote. Nisameheni, siwezi kumwacha hapa." Akapiga magoti kumtoa paka uvunguni.

Chuoni, kila Nasreen alipotakiwa kusema mbele ya wenzake, alizungumza na viatu vyake. Na kumkataza bibi yake udi, tena mbele ya mgeni, hilo halikupata kumpitia hata ndotoni. Lakini mkono wa Rispa ulikuwa umeshamfikia Zabibu.

"Bibi," alisema. "Nakuomba usifukize tena humu ndani. Si leo tu. Hata Ijumaa, hata Idi. Nguo zako nitakufukizia mimi mwenyewe kule uani, kila utakapo. Lakini humu ndani, basi."

Bibi alimtazama toka utosini hata unyayoni.

"Hebu rudia."

"Niwie radhi, bibi, mimi..."

"Nimekwambia rudia! Tangu uzaliwe sijakusikia ukitaka kitu. Hata nguo ya sikukuu, waniambia 'yoyote tu, bibi.' Rudia nisikie vyema."

Nasreen alirudia, safari hii kwa sauti iliyofika mlangoni. Bibi akashika chetezo kwa ncha ya leso, akaelekea uani.

"Haya, fungua madirisha! Na wewe mgeni, chukua hicho cha ukumbini, usisimame kama nguzo!"

Hivyo mkaguzi akajikuta amebeba chetezo mbiombio, na Nasreen nyuma yake na cha tatu, wote wakicheka. Upepo wa baharini ukaingia, ukazoa moshi wote. Wakarudi, wakakaa sakafuni kungoja. Nasreen alijilaza kifudifudi, shavu juu ya mkeka, hata kuvuta pumzi akaogopa.

Ikatokeza pua. Kisha masikio mawili. Kisha Zabibu mzima, akajinyoosha, akamjia moja kwa moja na kumsugua kichwa kidevuni.

Rispa alitoa karatasi mkobani. "Tia sahihi hapa. Lakini nitakuja tena, na sitakupa taarifa kwanza."

"Njoo hata kesho!" Nasreen alisema, akashtuka mwenyewe kwa ukubwa wa sauti yake.

Bibi alikwisha kufika kwenye ukuta wa jirani. "Dhahabu! We Dhahabu! Tumepewa mtoto!"

Na Dhahabu, ambaye hata hakuuliza ni mtoto wa nani, akapiga vigelegele.