Daktari Aliyezikwa Kabla ya Kuugua

Ninaandika haya nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, isipokuwa shangazi yangu, aliyeketi hatua mbili kutoka hapa na mkasi mkononi.

Shangazi ni mmoja wa wanawake wanne wanaokutana kila Jumamosi sebuleni kwa Nesi ili wafume. Wanafuma vitambaa vya makochi, kofia za vichanga na soksi za watu wasiojulikana. Mikono ikifuma, midomo inajadili riwaya. Riwaya zenyewe ni kuukuu, zimetoka mnadani na kwa majirani waliohama. Zinakaa katika kasha moja la bati na kuzunguka mkono kwa mkono. Sheria yao ni moja: humpi mwenzako kitabu mpaka usimame mbele ya wote useme kilikufanya nini. Hata mahubiri ya shuleni kwetu hayana ukali huo.

Shida ni kwamba kitabu kilichopita mikono mingi huchoka. Ishirini na vitatu vilikuwa vimeachana kurasa kabisa, na Mwenyekiti akataka vipelekwe kwa muuza misumari akafungie bidhaa. Mwenyekiti ni mwalimu mkuu mstaafu. Akiomba chumvi utadhani anasoma matokeo ya mtihani. Shangazi akaomba nafasi. Apewe kimoja akishone upya. Wenzake wote watatu wakikisoma wakaridhika, apewe na vilivyobaki pamoja na kasha. Wasiporidhika, misumari.

Haya yote sikuyajua. Naomba ieleweke hivyo. Nilikuwa nimetoka bwenini juzi yake, na nilichokiona mezani ni mafungu kumi na mawili ya kurasa, na shangazi akipaka uzi nta. Kingo za chini zilikuwa zimeoza, naye alikwisha kuzikata, zikanyooka kama pindo la pazia. Nambari zote za kurasa zilikwenda na takataka.

"Nimeyapanga tayari," akaniambia. "Kazi yako ni kunipa moja moja. Utaweza, au nimwite jirani?"

"Nitaweza, shangazi."

Nikampa la kwanza, la pili, kisha la tisa. Zamu ya la tisa ilipofika, nikampa la tatu.

Sababu? Anayenijua haulizi. Nilitaka kumwona Mwenyekiti akichanganyikiwa mara moja tu kabla sijafa. Shuleni niliwahi kubadilisha viatu vya wasichana arobaini kabla ya kengele ya gwaride. Hii ilikuwa kazi ndogo ya kunyoosha vidole. Na shangazi hasomi anachoshona mpaka zamu yake, nayo kwa adabu alikuwa ameiweka ya mwisho.

Jumamosi ya kwanza akasimama Nesi, kitabu mkononi, macho mekundu.

"Jamani, nimelia! Daktari anafungua dirisha, anavuta hewa ya asubuhi, anasema kwa furaha kwamba, geuza ukurasa, 'kaburi lilikuwa fupi kuliko kimo chake.' Hivyo tu! Halafu anarudi, anachumbia, anaoa. Miaka kumi na minane wodini sijaona mtu akirudi, lakini huyu amerudi vizuri."

Nikaficha uso ndani ya furushi la uzi na kusubiri kicheko. Hakuna aliyecheka.

Jumamosi ya pili, Mwenyekiti. Alikunjua miwani yake taratibu.

"Daktari anamuoa yule binti, anafia mikononi mwake, na mara baada ya kufa anamsogelea kituoni na kumwambia, 'Samahani dada, tumewahi kuonana?'" Akatuangalia mmoja mmoja. "Mnaona alichofanya mwandishi? Ndoa yote ile, na hawajuani! Hii ndiyo fasihi. Nimefundisha miaka thelathini na moja, sikuwahi kupata kitabu kinachoheshimu akili yangu namna hii."

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, shangazi alitembea kama msichana. Ndipo aliponieleza habari ya kasha na muuza misumari. "Amebaki Karani peke yake," akasema. "Nimeshaitoa televisheni kwenye rafu. Vitakaa pale."

Huo ulikuwa wakati mzuri wa kusema ukweli, nami nikautumia kumsifia mkoba wake.

Karani hupiga chapa kesi mahakamani. Ni mpole, anafuma skafu zilizonyooka tu, na kazi yake yote ni kuhakikisha shahidi wa nne hazungumzi kabla ya wa tatu. Jumamosi ya tatu alisimama, akakiweka kitabu mezani.

"Kwa heshima zote, dada zangu. Kitabu hiki kimeshonwa vibaya."

Sindano zikasimama. Shangazi alibaki na uzi kidoleni.

"Hujakielewa," akasema Mwenyekiti.

"Mtu amezikwa kabla ya kuugua, dada."

"Ni mtindo."

"Jeneza ni mtindo?"

"Mwenzangu," Nesi akaingilia, "mimi nililia machozi ya kweli. Sasa unataka kuniambia nimelilia nini? Uzi?"

Karani akaangalia miguu yake. Mtu anayesikiliza mawakili siku nzima amezoea kuzidiwa sauti. "Basi," akasema, "labda mimi ndiye sikuelewa."

Pale nikasimama. Sijui miguu ilipata wapi kibali. "Ni mimi," nikasema. "Niliyavuruga mafungu. La tatu na la tisa. Shangazi hana kosa."

"Keti chini," akasema Mwenyekiti.

"Lakini ni mimi!"

"Mtoto wa kidato cha tatu hawezi kutunga kitu kama hiki."

"Sikutunga, nilivuruga tu!"

"Nimesema keti. Watoto wa siku hizi wanapenda sifa hata zisizo zao. Sisi wawili tumeridhika, na mwenzetu amekiri hakuelewa. Hao ni watatu. Kasha ni la fundi wetu."

Basi shangazi alikuwa ameshinda. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza na kuanza kubeba vitabu. Badala yake alikivuta kitabu, akasoma ile hewa ya asubuhi, akasoma lile kaburi. Akaniangalia mimi. Ninaomba Mungu asiniangalie hivyo siku ya hukumu. Kisha akachukua mkasi na kukata mshono wake mwenyewe, kuanzia juu hadi chini.

"Dada!" Nesi akapiga ukelele.

"Nikikosea mstari wa tatu nafumua mpaka wa tatu," akasema shangazi. "Kasha mtampa mnayemtaka. Karani, njoo uyapange, tafadhali. Wewe una macho."

Karani aliyapanga kwa muda wa kunywa chai. Nesi akasoma kwa sauti. Daktari akafungua dirisha, akasema kwa furaha kwamba leo angepanda treni. Kituoni akamkuta binti. Akamchumbia, akamuoa, akaugua, akafa, akazikwa.

"Kumbe ni hiki tu?" akasema Nesi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa mara ya pili.

Mwenyekiti alikunja miwani. Kisha akatoa hukumu: kamati haikukosea, fundi hakukosea, Karani hakukosea, na mwandishi, maskini, alijitahidi. Kasha likae kwa shangazi. Aliyekosea ni mmoja. Huyo atasoma vitabu vyote ishirini na vitatu kabla havijaguswa na sindano, na ataandika nambari ya kila ukurasa kwa penseli, Karani akikagua.

"Na maelezo ya maandishi," akaongeza shangazi. Ndiyo haya.

Likizo imebaki siku kumi na moja nami nipo kitabu cha tano. Kinahusu mjane na mwalimu wa muziki, na kurasa sita za mwisho zimeliwa na panya, hata haijulikani kama walioana. Shangazi aliviangalia vipande, akaiangalia penseli yangu, akasema neno moja: "Usithubutu."

Jana Nesi alinisindikiza hadi getini, jambo ambalo hajawahi kufanya. Akatazama nyuma, akainama sikioni mwangu.

"Yule mjane," akanong'ona, "aolewe, mwanangu. Ila si na yule mwalimu."